Mama aliugua kanseri ya titi: binti zake wafanye nini?

Mwanamke akifariki na kidonda cha titi, maneno ya pale msibani huwa ya chini-chini. Wengine wanasema amelogwa. Wengine wanasema, "Ile ugonjwa iko mu jamaa yao, hata nkambo wao alikufa nayo." Kisha matanga yanaisha, watu wanarudi mashambani, na mabinti wa marehemu wanabaki na lile neno moyoni. Kule Zongwe, kama katika vijiji vingine vya upande wa Kalemie, mwanamke wa namna hiyo mara nyingi hana mtu wa kumuuliza. Anaweza kuishi miaka 20 akingojea ugonjwa ufike, ao anakataa kabisa kuufikiria, na siku akigusa uvimbe anaufunika na kitenge na kunyamaza.

Hofu hiyo inaeleweka, lakini imejengwa juu ya nusu ya ukweli. Kanseri ya titi inaweza kweli kutembea katika jamaa. Ila kinachorithiwa si ugonjwa wenyewe. Kinachorithiwa ni uwezekano wa kuupata, na uwezekano huo unaweza kupunguzwa kidogo na namna mtu anavyoishi, na madhara yake yanaweza kupunguzwa sana na namna anavyofika mapema kwa muganga.

Kwanza hesabu zenyewe. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mwaka 2022 wanawake karibu milioni 2.3 duniani waliambiwa wako na kanseri ya titi, na 670,000 walikufa nayo. Hakuna kanseri nyingine inayoshika wanawake wengi kama hiyo. Lakini walio wengi kati yao hawakuwa na mtu yeyote wa karibu aliyeugua. Mwaka 2001 watafiti walikusanya utafiti 52 wa nchi mbalimbali, wakaona kwamba kati ya wanawake 9 wenye kanseri ya titi, 8 hawana mama, dada wala binti aliyewahi kuipata. Kwa hiyo yule jirani anayesema, "Kwetu haiko, mimi siogope," naye amejidanganya.

Na yule ambaye mama yake aliugua? Watafiti hao hao waliona kwamba hatari yake ni karibu mara mbili ya mwanamke ambaye hana mgonjwa wa karibu. Akiwa na ndugu wawili wa karibu waliougua, ni karibu mara tatu. Neno "mara mbili" linatisha mpaka mtu alitazame vizuri. Katika nchi tajiri, ambako hesabu hizo zilifanywa, kati ya wanawake 100 wasio na mgonjwa katika jamaa, karibu 8 wataipata kabla ya kufika miaka 80. Kati ya 100 wenye mama, dada ao binti mmoja aliyeugua, ni karibu 13. Maana yake wengine 87 hawataipata. Huo si mkosi, na si hukumu ya kifo.

Kuna jamaa chache ambako jambo ni zito zaidi. Ndani ya mwili wa kila mtu kuna maagizo yanayotoka kwa baba na kwa mama, yale wanasayansi wanaita jeni. Mbili kati yake, BRCA1 na BRCA2, kazi yake ni kusaidia kutengeneza sehemu za seli zilizoharibika. Mtu akizaliwa na moja iliyovunjika, matengenezo hayaendi vizuri. Utafiti uliotoka mwaka 2017 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 10 wenye jeni hiyo iliyovunjika, karibu 7 wanapata kanseri ya titi kabla ya miaka 80. Watu wengine wanafikiri hayo ni mambo ya wazungu. Sivyo. Kule Nigeria, katika utafiti wa wanawake 1,136 wenye kanseri ya titi uliochapishwa mwaka 2018, karibu 15 kwa mia walikuwa na jeni iliyovunjika ya aina hiyo ao nyingine zinazofanana nayo.

Kipimo cha jeni kinafanywa kwa damu ao mate katika maabara makubwa, na mwanamke wa kijijini hatakipata kwa urahisi. Asikate tamaa juu ya hilo. Kuna kipimo kingine cha bure, nacho kiko kwa wazee wa jamaa: historia.

Hapa ndipo lugha yenyewe inaleta shida. Muuguzi aliyesomea kazi yake kwa Kifaransa anauliza kama mama ao dada aliugua. Mwanamke anajibu ndiyo, akimfikiria mtoto wa mama yake mdogo, sababu kwa Kiswahili cha huku huyo naye ni dada. Ao anajibu hapana, kumbe shangazi wawili walikufa nayo, ila hakuna aliyemuuliza juu ya shangazi. Katika hesabu ya hatari, watu wa karibu zaidi ni mama aliyekuzaa wewe mwenyewe, dada wa baba mmoja na mama mmoja, na binti wako wa kuzaa. Mama mkubwa, mama mdogo, shangazi na nkambo wako hatua moja nyuma, lakini wanahesabiwa pia, hasa wakiwa zaidi ya mmoja.

Upande wa baba mara nyingi unasahauliwa kabisa. Watu wanaona kwamba ugonjwa wa titi ni wa wanawake, basi unapita kwa wanawake tu. Kwa Watabwa ukoo unafuata upande wa mama, kwa Waluba unafuata upande wa baba, lakini jeni hazijui desturi ya mtu yeyote: nusu zinatoka huku, nusu kule. Mwanaume anaweza kubeba jeni iliyovunjika maisha yake yote bila kuugua, kisha amuachie binti yake. Na wanaume wenyewe wanaweza kupata kanseri ya titi, ni kama 1 kwa mia ya wagonjwa wote, ao chini ya hapo. Mwanaume aliyeugua titi katika jamaa ni alama kubwa ya kwamba jeni fulani inatembea.

Alama nyingine ni mtu aliyeugua akiwa bado kijana, chini ya miaka 50. Mtu aliyeugua matiti yote mawili. Ao jamaa ambako mmoja aliugua titi na mwingine kanseri ya ovari, pale mayai ya uzazi yanapotoka. Hiyo ya mwisho ni ngumu kuitambua katika masimulizi ya wazee, sababu watu watasema tu kwamba tumbo lilijaa maji, na tumbo kujaa maji kuna sababu nyingi. Lakini inafaa kuulizwa. Nani aliugua, upande gani, alikuwa na umri gani? Kama miaka haijulikani, mzee anaweza kukumbuka: alikuwa bado ananyonyesha, alikuwa ameacha kuona mwezi, ilikuwa mbele ya vita ao kisha vita. Aibu ya kusema na hofu ya ulozi inafanya jamaa nyingi zifiche hayo, na kila wanapoyaficha ni binti zao wanaokosa habari ambayo ingewalinda.

Sasa maisha ya kila siku.

Kunyonyesha ni jambo ambalo wanawake wa Tanganyika wako mbele ya wanawake wengi wa dunia, na wengi hawajui kwamba wanajilinda pia wao wenyewe. Mwaka 2002 watafiti waliunganisha utafiti 47 kutoka nchi 30 na kuona kwamba kila miezi 12 ambayo mwanamke ananyonyesha, hatari yake ya kanseri ya titi inapungua kwa karibu 4.3 kwa mia. Chukua mama mwenye watoto wanne, kila mmoja amenyonya mwaka mmoja na nusu. Ni miaka sita yote pamoja, na hatari imeshuka kwa karibu 23 kwa mia. Kwa wenye historia ya jamaa habari ni nzuri zaidi. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2009 ulifuata wauguzi wanawake zaidi ya 60,000. Kati ya wale ambao mama ao dada yao aliugua, waliowahi kunyonyesha walikuwa na hatari ndogo kwa 59 kwa mia ya kupata kanseri hiyo mbele ya kuacha kuona mwezi, kuliko wale ambao walizaa bila kunyonyesha. Ni utafiti mmoja, wa watu wa mbali, na hesabu hiyo isishikwe kama ahadi. Lakini unaelekeza palepale ambapo mingine inaelekeza.

Kwa hiyo msichana aliyehamia mjini, ambaye anataka kumpa mtoto biberoni kisha miezi mitatu ili matiti yasilegee, aambiwe ukweli huu, zaidi sana kama mama yake aliugua. OMS inashauri maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha kuendelea pamoja na chakula mpaka miaka miwili ao zaidi. Hii haimaanishi mtu azae kila mwaka ili ajikinge. Mimba za kufuatana zina hatari zake, na huku kwetu zinaua mapema kuliko kanseri.

Pombe ndiyo sehemu ambayo watu hawapendi kusikia. Alkoli inahesabiwa kati ya vitu vinavyoleta kanseri kwa uhakika, sawa na tumbako, na kanseri ya titi ni moja ya zile inazoleta. Haijalishi ni bia ya kiwanda, divai ao lutuku ya kijijini. Kinachohesabiwa ni wingi wa alkoli. Kila gramu 10 kwa siku zinaongeza hatari kwa karibu 7 kwa mia. Chupa kubwa ya bia, ile ya sentilita 72 hivi yenye alkoli ya 5 kwa mia, iko na gramu 28. Mwanamke anayemaliza chupa moja kila jioni anaongeza hatari yake kwa karibu 20 kwa mia, na hiyo inawekwa juu ya ile aliyorithi. Lutuku ni kali zaidi, basi kikombe kidogo kinaweza kulingana na chupa hiyo. Mwaka 2023 OMS ilitangaza kwamba hakuna kipimo cha pombe ambacho hakina hatari yoyote kwa afya. Mwanamke anayetengeneza lutuku kwa kuuza, ili alipe masomo ya watoto, yuko katika hali nyingine: mvuke na harufu si kitu kinachojulikana kuleta kanseri ya titi, ila kuionja-onja siku nzima ni kunywa.

Kazi ya mwili nayo inalinda. Mwaka 2020 ulitoka utafiti juu ya wanawake zaidi ya 15,000 ambao wote walikuwa na kanseri ya titi katika jamaa zao. Wale waliofanya mazoezi zaidi walikuwa na hatari ndogo kwa 20 kwa mia kuliko wale waliofanya kidogo zaidi. Ilionekana hivyo hata kwa wale ambao hatari yao ya kurithi ilikuwa kubwa. OMS inataka dakika 150 mpaka 300 kwa juma za kazi inayofanya moyo upige haraka kidogo. Mwanamke wa Zongwe anayelima, anayechota maji na kutwanga muhogo amezipita hizo mbele ya siku ya tatu ya juma, na kumuambia akimbie asubuhi ni kumchekesha. Ushauri huu ni wa yule aliyeacha jembe: anayekaa kwenye meza ya biashara toka asubuhi mpaka jioni na kurudi nyumbani na moto. Kutembea nusu saa kwa mguu, siku tano kwa juma, kunatosha kuanzia.

Pamoja na hilo kuna uzito. Huku kunenepa ni alama ya maisha mazuri, na mwanamke akikonda watu wanauliza ana ugonjwa gani. Lakini mwanamke akishaacha kuona mwezi, ovari zinapumzika na mafuta ya mwili yanaendelea kutengeneza homoni ya kike, estrojeni. Homoni hiyo ndiyo inayolisha kanseri nyingi za titi. Kwa hiyo kilo zinazoongezeka kisha miaka 50 ndizo za kuchunga zaidi. Hakuna chakula ambacho kinajulikana kuzuia kanseri hii chenyewe, hata kama wauzaji wa majani sokoni wanaapa. Sombe, lenga-lenga, maharagi na ndagala ni vyakula vizuri. Kinachoharibu ni sukari nyingi katika chai na vinywaji, na mafuta yanayomiminwa bila kupima.

Wanawake wenye historia hiyo wanauliza pia juu ya mipango ya uzazi: je, sindano ya miezi mitatu, vidonge ao kijiti vitaamsha ugonjwa? Utafiti mkubwa wa Denmark wa mwaka 2017, juu ya wanawake milioni 1.8, uliona kwamba dawa zenye homoni zinaongeza hatari kidogo: kwa wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka mmoja, kuna mgonjwa mmoja wa ziada. Mwongozo wa OMS haumkatazi mwanamke kutumia dawa hizo sababu tu mama ao dada yake aliugua. Yule ambaye mwenyewe ana kanseri ya titi ndiye anayekatazwa. Anayeogopa bado anaweza kuchagua njia isiyo na homoni, kama ile koili ya shaba inayowekwa ndani ya mfuko wa uzazi.

Mambo mengine yanayosemwa mitaani yaachwe. Kuweka makuta ao telefone ndani ya sutieni hakujulikani kuleta kanseri. Kugongwa kifuani pia hakuileti, ingawa mara nyingi mtu anagundua uvimbe siku ile amegongwa, sababu ndiyo siku amejigusa.

Hayo yote yanapunguza hatari, hayaiondoi. Mwanamke anaweza kunyonyesha watoto sita, asionje pombe, alime kila siku, na bado augue. Ndiyo maana kwa mwenye historia ya jamaa jambo lenye nguvu zaidi ni kujijua na kufika mapema. Katika Afrika wagonjwa wengi wako chini ya miaka 50, basi asingojee uzee. Desturi ya waganga wengi ni kuanza kumchunguza binti miaka 10 mbele ya umri ambao mama yake aliugua: kama mama aliugua na miaka 45, binti aanze akiwa na 35.

Kuchunguzwa na nini, kama mashine ya mamografi haiko kijijini? Na mikono. Kule Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatwa miaka 20. Nusu yao walipimwa matiti kwa mikono kila miaka miwili, na wahudumu wa kawaida wa afya waliofundishwa, si madokta wakubwa. Kanseri katika kundi hilo zilionekana zikiwa ndogo zaidi, na kati ya wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vya kanseri ya titi vilikuwa pungufu kwa karibu 30 kwa mia. Kwa wale walio chini ya miaka 50 vifo havikupungua, na hilo lisifichwe. Kwao ulinzi ni kutongoja wanapoona badiliko.

Badiliko lenyewe ni uvimbe ao ugumu ndani ya titi ao kwapani, ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati mbele haikuwa hivyo, damu inayotoka kwa chuchu, ao kidonda kisichopona. Mara nyingi mwanzoni hakuumi, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Vimbe vingi si kanseri. Mama anayenyonyesha anaweza kuwa na jipu tu, na dawa italimaliza. Lisipoisha kisha majuma mawili, arudi.

Kuchelewa ndiko kunakoua huku kwetu. Kwenye lopitali ya Butaro, kaskazini ya Rwanda, ambako kituo cha kanseri kilifunguliwa mwaka 2012, watafiti waliuliza wagonjwa 144 wa kanseri ya titi. Katikati ya kuona badiliko na kufika mara ya kwanza kwa muganga, wengi walikuwa wamepoteza kama miezi mitano. Kisha walipoteza miezi mingine mitano wakizungushwa kutoka kituo kimoja mpaka kingine. Walioanza kwa mganga wa kienyeji walichelewa zaidi. Basi kosa si la wagonjwa peke yao. OMS inataka toka mtu anapofika na uvimbe mpaka anapoambiwa ni nini zisipite siku 60.

Akifika kwenye kituo cha afya, mwanamke asiseme tu, "Ziwa inaniuma." Aseme nani katika jamaa aliugua, upande gani na umri gani, na aombe iandikwe kwenye fishi yake. Aombe apimwe matiti yote mawili na makwapa, si kuangaliwa kwa macho. Kama hakuna kitu, arudi kisha mwaka. Kama kuna uvimbe ambao haujaisha kisha mwezi unaofuata, aombe barua ya transferi kwenda Hospitali Kuu ya Rejea ya Kalemie, ili kipande kidogo kiweze kutolewa na kupimwa. Uvimbe hauwezi kujulikana kwa kupapasa tu, na anayetoa dawa za miezi mitatu "kwa kujaribu" anamla mgonjwa muda. Barua hiyo iandikwe tarehe ambayo uvimbe ulionekana mara ya kwanza, na mgonjwa abaki na nakala.